Bei ya Kasi

Mtu atokaye Tononoka kwa miguu hahitaji kwenda mbali kabla ya kuyaona maji. Mkono wa bahari wa Tudor umekikumbatia kisiwa cha Mombasa, ukapita chini ya Daraja la Nyali, ukaipita Bandari ya Kale na Ngome ya Yesu, kisha ukatoka baharini. Juu ya maji hayo hupita vyombo vya kila namna: mtumbwi wa mvuvi, mashua ya tanga, na boti ya mashine ikatayo maji kama mkasi ukatavyo kitambaa. Kijana asimamaye ufukweni aghalabu hautazami mtumbwi. Macho yake huifuata boti, na moyo wake humwuliza: kama ingekuwa yangu, ningeweza kuifanya iende mbio zaidi?

Swali hilo ni la ufundi. Lakini ndani yake limo swali la pili ambalo hakuna fundi awezaye kulijibu kwa bisibisi na spana, nalo ndilo tutakalolipima hapa. Mtu aongezaye kasi ya chombo chake ili awashinde wenziwe, ana haki ya kupunguza nini?

Kwanza yafaa tuiondolee kasi lawama isiyoistahili. Wako wasemao kuwa haraka haraka haina baraka, wakadhani wamemaliza neno. Lakini wahenga wale wale walisema pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mabaharia wa pwani hii hawakuidharau kasi. Walisafiri kwa pepo mbili, kaskazi na kusi, na chombo kilichochelewa msimu wake kiliweza kukaa bandari ya ugenini miezi mingi kikingoja upepo ugeuke. Kwa hiyo walikipandisha chombo pwani, wakakikwangua mwani na chaza waliokishika tumboni, wakatia kalafati katika nyufa, wakapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa ili mbao zisiliwe na wadudu na chombo kiteleze vizuri. Huko Lamu mashindano ya vyombo vya tanga yangaliko. Siku hizo mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokeza nje upande wa upepo, wakaifanya miili yao kuwa uzito wa kukizuia chombo kisilale. Tamaa ya kutangulia ni ya zamani kuliko mashine, wala si dhambi.

Walakini kasi haipatikani bure. Njia za kuinunua ni tatu: kuongeza nguvu, kupunguza uzito, na kupunguza sehemu ya chombo iguswayo na maji. Chombo kiendacho polepole huyasukuma maji kando. Kiendacho mbio hupanda juu ya maji kikateleza, na kadiri kigusavyo maji kidogo ndivyo kiendavyo zaidi. Lakini maji yale yale yakizuiayo chombo ndiyo yakishikayo. Chombo kilichoyaacha maji kimeingia katika mamlaka ya hewa. Pua yake ikiinuka kupita kiasi, upepo huingia chini ya tumbo, ukaliinua kama bawa la ndege, na kukipindua kinyumenyume. Hapa ndipo ulipo ugumu wote wa jambo hili: mara nyingi kizuizi na kinga ni kitu kimoja, na mtu hawezi kukitupa cha kwanza akabaki na cha pili.

Natumfikirie kijana mmoja wa Tononoka, ambaye hatutampa jina kwa sababu aweza kuwa yeyote katika sisi. Amenunua boti kuukuu iliyoundwa kuchukua mashine ya nguvu za farasi 40. Wenziwe wa ng'ambo wamemwita mashindanoni. Naye amefunga katika tezi mashine ya nguvu za farasi 90. Kisha ameanza kupunguza uzito. Ametoa nanga, makasia, majaketi ya kujiokolea na mtungi wa kuzimia moto. Amebandua sakafu, akatoa vipande vya povu gumu viizuiavyo boti isizame ijapojaa maji. Mwisho ameiondoa ile kamba fupi ifungwayo kwenye mwili wa mwendeshaji, ambayo huizima mashine papo hapo mwendeshaji akianguka. Kamba hiyo haina uzito wa konzi ya mchele. Ameiondoa, si kwa kuwa inampunguzia kasi, bali kwa kuwa inamkumbusha kuwa anaweza kuanguka.

Alipoijaribu, aliona kuwa uzito wa mashine umeilemea tezi na omo inaelekea mbinguni. Dawa ya hilo ni uzito mbele. Basi akamwita mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 14, akamwambia, "Njoo ukae omoni, mdogo wangu, tutashinda." Mtoto alifurahi kama aliyealikwa harusini. Hakuna aliyemweleza ni vitu gani vimeondolewa chini ya miguu yake.

Fundi mmoja mzee alipomwonya, kijana alijibu kwa adabu, "Mzee wangu, chombo ni changu, fedha ni zangu, na roho ni yangu."

Jibu hili si la kupuuzwa, kwa maana lina sehemu ya kweli. Mtu mzima ana haki ya kuikabili hatari kwa hiari yake. Donald Campbell wa Uingereza alivunja rekodi ya kasi ya majini mara nyingi katika chombo chake kilichoitwa Bluebird K7. Mwaka 1964, huko Australia, alifikia maili 276 kwa saa. Mwaka 1966 chombo hicho kilitiwa injini ya ndege yenye nguvu zaidi. Tarehe 4 Januari 1967, katika ziwa la Coniston Water, alikwenda safari ya kwanza kwa kasi ya zaidi ya maili 290 kwa saa. Sheria ya rekodi ilimtaka arudi njia ile ile, na kipimo kiwe wastani wa safari mbili. Campbell hakungoja mawimbi ya safari ya kwanza yatulie. Aligeuka akarudi upesi. Chombo kiliinuka, kikapinduka hewani, naye akafa. Mwili wake haukupatikana mpaka mwaka 2001. Twaweza kusema kuwa alikosea hesabu; hatuwezi kusema kuwa alimdhulumu abiria. Alikuwa peke yake, naye alikijua chombo chake kuliko mtu mwingine. Watu wakamlilia na kumheshimu.

Lakini tutazame habari nyingine. Tarehe 13 Juni 1930, Sir Henry Segrave aliweka rekodi ya karibu maili 99 kwa saa katika ziwa la Windermere, kwa chombo kilichoitwa Miss England II. Siku ile ile chombo kilipinduka. Yadhaniwa kiligonga gogo lililokuwa likielea. Segrave alikufa. Hakufa peke yake: ndani ya chombo walikuwamo mafundi wawili, na mmoja wao, Victor Halliwell, alikufa pamoja naye. Mafundi wale walikuwa watu wazima, waliijua mashine, na waliijua hatari. Hata hivyo kifo cha Halliwell chatufundisha jambo ambalo kijana wetu amelisahau: chombo kikibeba watu wawili, neno "roho ni yangu" halitoshi tena.

Mtoto aliyekaa omoni hafanani na Halliwell, wala hafanani na baharia wa Lamu akaaye juu ya ubao. Baharia yule anaijua bahari, anakijua chombo, na ushindi ukija ni wake pia. Amejitoa mwenyewe kuwa uzito. Mtoto wa jirani amefanywa uzito. Kwa macho wote wawili wanafanya kazi moja. Kwa haki wametengana kama kusi na kaskazi. Mmoja ametoa ridhaa, na ridhaa ni ya mtu ajuaye anachokiridhia. Wa pili ametoa furaha yake tu.

Tena hata kama kijana angekwenda peke yake, maji si yake. Katika mkono ule ule wa bahari yumo mvuvi ambaye mtumbwi wake hujaa kwa wimbi la boti ipitayo mbio, na wamo watoto waogao siku za joto. Boti iliyompoteza mwendeshaji wake, na isiyo na kamba ya kuizima, haisimami kwa huruma. Huzunguka na rafadha yake mpaka igonge kitu au petroli iishe. Kile alichokiita chake kilikuwa kinga ya watu wasiomjua.

Kijana aweza kuleta hoja ya mwisho, nayo ndiyo nzito kuliko zote: "Nisipopunguza mimi, mwenzangu atapunguza, naye atanishinda. Je, mwangalifu ahukumiwe kushindwa daima?" Hoja hii ni ya kweli katika mashindano yasiyo na sheria. Huko kila mmoja humsukuma mwenziwe, na wote hujikuta mahali ambapo hakuna aliyetaka kufika. Lakini ndiyo sababu wanadamu waliweka sheria. Katika miaka ya 1980, baada ya vifo kadhaa katika mashindano ya boti za kasi, waendeshaji walianza kuwekwa ndani ya chumba kigumu kisichovunjika kwa urahisi. Chumba hicho kina uzito, na uzito ni adui wa kasi. Kama angekibeba mmoja tu, angebaki nyuma. Walipokibeba wote, hakuna aliyepoteza nafasi yake, na wengi walipata kurudi nyumbani. Sheria njema haimwondolei mtu ushindi. Humwondolea ulazima wa kuuza uhai wake ili aupate.

Wala asiseme mtu kuwa uangalifu ni kazi ya matajiri. Ken Warby wa Australia alikiunda chombo chake, Spirit of Australia, nyumbani kwake mjini Sydney, kwa mbao na injini kuukuu ya ndege. Hakuidai kasi yote kwa siku moja. Mwaka 1977 alivunja rekodi kwa maili 288 kwa saa. Tarehe 8 Oktoba 1978 alifikia wastani wa maili 317, yaani kilomita 511 kwa saa. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40. Lee Taylor alikufa mwaka 1980 akiitafuta, na Craig Arfons akafa mwaka 1989. Warby alifariki mwaka 2023 akiwa mzee. Sisemi kuwa wale wengine walikuwa wazembe, kwa maana bahati nayo ina sehemu yake majini. Nasema tu kuwa hatua kwa hatua si kinyume cha kasi.

Basi turudi kwenye swali letu. Mtu ana haki ya kupunguza nini? Nadhani kipimo chake ni rahisi kutamka, ijapokuwa ni kizito kukitimiza. Ana haki ya kupunguza kile kilicho chake, na ambacho anaweza kukitaja kwa sauti mbele ya kila mtu ambaye hatari yake itamfikia. Kijana wetu na asimame ufukweni, amtazame mtoto yule na mama yake, aseme: "Nimeondoa majaketi. Nimeondoa povu. Nimeondoa kamba." Kama ulimi wake unakuwa mzito, amekwisha kujua kuwa alichokiondoa hakikuwa chake.

Msomaji kijana, huenda hutamiliki boti maisha yako yote. Lakini kila mtu ana chombo anachotaka kiende mbio kuliko vya wenziwe: masomo, biashara, kazi au cheo. Nako pia uzito wa kutupa hauishi. Mmoja hutupa usingizi wake, na hiyo ni hasara yake. Mwingine hutupa ahadi aliyompa mwenziwe, au mshahara wa mfanyakazi wake, akajisifu kwa wepesi. Kabla hujatupa kitu baharini, kigeuze mkononi, uulize ni cha nani. Kufika wa pili na wote uliopanda nao si fedheha, na kufika wa kwanza na nafasi tupu omoni hakuwezi kuitwa kufika.