Pamba, Rangi na Mtendaji

Utiaji rangi kwa maji machache, yaani ule ambao kitambaa cha pamba hukunjwakunjwa na kushindiliwa katika beseni dogo kisha humiminiwa maji ya rangi yasiyozidi kukifunika, huibua swali ambalo wanafalsafa wa Kiislamu walilijadili kwa mfano wa pamba hiyo hiyo: vitu viwili vinapogusana na jambo likatokea, mtendaji ni nani?

Mara nyingi hutumiwa rangi fungamani, yaani rangi ambazo molekuli zake huungana kikemia na selulosi, kijenzi kikuu cha uzi wa pamba, na ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilizileta sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion. Muungano huo huhitaji magadi, ambayo kikemia ni sodiamu kaboneti na hutengenezwa pia kutokana na chumvi za Ziwa Magadi nchini Kenya. Katika njia ya kawaida kitambaa huelea katika maji mengi na kukorogwa ili rangi ienee sawasawa. Hapa hakuna anayekoroga: mikunjo huzuia mwendo wa maji, rangi hunasa ilipofika kwanza, na kitambaa kikikunjuliwa baada ya saa moja au zaidi, kikasuuzwa kwa maji baridi kisha ya moto ili kisije kikachuja, huonekana michirizi na mawimbi ambayo hakuna mkono ulioyachora.

Al-Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokiandika karibu na mwaka 1095, alichukua mfano wa pamba iliyoguswa na moto, akashikilia kwamba jicho huiona pamba ikiungua wakati wa kuguswa lakini haliuoni ulazima wa kuungua kwa sababu ya kuguswa. Kwake, mtendaji wa kweli ni Mungu, aliyeyajaalia matukio hayo yafuatane kwa mazoea hata watu wakadhani kufuatana ni kulazimiana. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekana sababu anakana akili yenyewe, kwa kuwa kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Beseni la rangi huelekea kumuunga mkono Ibn Rushd. Mtia rangi aliyechanganya waridi iliyokoza na feruzi ili apate zambarau huikuta zambarau hiyo imegawanyika: waridi imeshika karibu na pale ilipomiminwa, ilhali feruzi imesafiri mbali zaidi na kuacha ukingo wa buluu kuizunguka. Waridi hiyo huungana na uzi upesi, feruzi huungana polepole, na asiyelijua hilo huiita bahati.

Hata hivyo, ujuzi huo haumwezeshi mtu kuujua mchoro kabla haujatokea, maana hata vipimo vikirudiwa vile vile michirizi hubadilika. Hapo swali la mtendaji hurudi: wanazuoni wa Kiashari, shule ya teolojia ya Kiislamu aliyokuwamo al-Ghazali, walifundisha kwamba tendo huumbwa na Mungu na mja hulichuma, nayo dhana hiyo, iitwayo kasb, imelaumiwa mara nyingi kuwa ni mchezo wa maneno. Lawama hiyo hupungua nguvu mbele ya kazi hii. Mtia rangi hachori mstari hata mmoja, lakini ndiye aliyepima maji, ndiye aliyeshindilia mikunjo, na zaidi ya yote ndiye aliyeuzuia mkono wake usikoroge, ingawa kukoroga kungemrudishia mamlaka juu ya matokeo. Kujizuia huko ni tendo kamili, lenye nia na lenye kuhitaji ustadi, kwani asiyevumilia, akaingiza kijiti katika rangi tatu zilizokwisha kutulia, hupata rangi moja ya tope. Kwa hiyo ni haki aulizwe juu ya kitambaa kilichoharibika kama anavyosifiwa kwa kilichopendeza. Na mteja anayelalamika kwamba doa jeusi limeangukia kifuani pa gauni lake anastahili jibu kutoka kwa mtia rangi, kwa kuwa aliyechagua kuiachia rangi njia alijua kwamba itapita mahali fulani, hata kama hakujua ni wapi.