Sitara ya Nyumba ya Kale

Ikiwa mtu amerithi nyumba ya mawe katika mji wa Lamu, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, naye ana wana wanaoongezeka na vyumba visivyoongezeka, je, ni insafu aambiwe aiache nyumba kama alivyoikuta? Swali hili aghalabu huamuliwa kwa ramani na vibali. Mimi naliona kuwa ni la dhamiri kabla ya kuwa la sheria.

Wazee waliozijenga nyumba hizo hawakudhani kuwa zimekwisha. Binti alipoposwa, baba aliongeza ghorofa, au nafasi ilipokosekana alijenga wikio, yaani chumba kivukacho juu ya njia, ili mwanawe apate nyumba yake bila ya kuihama ya mama yake. Na upana wa chumba, yapata mita 3, haukuwa hiari ya mjenzi, bali ulikadiriwa na boriti ya mkoko. Basi asemaye kwamba kuongeza ni kuikhini asili, asili yenyewe yamkadhibisha.

Lakini kuta za matumbawe, zidaka na mlango wa nakshi ni umbo tu la nyumba hiyo. Maana yake ni sitara. Ndiyo sababu mgeni hupokewa dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, na tekani, ukumbi wa ndani ya mlango, hupinda njia, hata jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani uani, walipo wenyeji.

Sasa huja mtu akaukarabati uso wa nyumba kwa uaminifu wote, akachagua chokaa badala ya saruji (na afanya vema, kwani saruji huufungia unyevu ndani ya jiwe), kisha juu ya dari akaezeka banda la makuti la kubarizi, ambamo yeye na wageni wake, wakinywa kahawa alasiri, huona ua wa jirani, kamba ya nguo zake, na mabinti zake wakisukana nywele. Mtaa haukuharibika, wala picha zake. Aliyeharibiwa ni jirani, ambaye nyumba yake haikuondolewa hata jiwe moja. Mafakihi waliliona jambo hili zamani, na hukumu ya dirisha lichungulialo kwa mwenzio si ngeni katika fiqhi.

Basi atakaye kuongeza na aongeze. Ila kabla ya kumwita fundi, na apande darini, atazame kilichomfunukia huko chini, kisha ashuke, azunguke mpaka dakani kwa jirani, abishe hodi.