Hadithi Moja, Watoto Watatu

Mzazi anayefundisha nyumbani ana watoto watatu: wa miaka sita, wa tisa na wa kumi na tatu. Kila mmoja akimwandalia somo lake la sarufi ya Kiingereza, adhuhuri itamkuta hoi na chungu hakijabandikwa jikoni.

Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyechapisha kitabu cha Home Education mwaka 1886, hakuwa na haraka na sarufi. Aliiona ngumu kwa mtoto mdogo, kwa kuwa inahusu maneno wala si vitu anavyoviona. Alishauri kuanza na sentensi nzima kabla ya kutaja aina za maneno.

Basi chukua hadithi moja ya Kiingereza, uwasomee wote kwa sauti. Mdogo asimulie, utamsikia akimwita bibi “he”, maana “yeye” yetu haibagui mke na mume. Usimkatize. Rudia sentensi yake kwa namna iliyo sahihi, aendelee. Wa kati atafute nani katenda, na katenda nini. Mkubwa aihamishe aya kutoka wakati uliopo hadi uliopita, kisha atetee kila kitenzi alichobadilisha. Huyu ndiye ningempa muda mrefu kuliko wote, maana vitenzi vya Kiingereza ni vikaidi: “go” inageuka “went” bila hata kuaga.

Mdogo naye, huku akichora pembeni, anayasikia yote hayo. Usishangae kesho akimsahihisha kaka yake, tena mbele ya wageni.