Je, Kidonge cha Kila Jioni Ni Ukosefu wa Imani?

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 20:1–7, 2 Mambo ya Nyakati 16:7–12, Mathayo 4:5–7

Baada ya mahubiri ya majuzi kuhusu uponyaji, mchungaji aliniomba niandike juu ya swali ambalo washirika huniuliza pale nje ibada ikiisha: "Mama, wewe ni mwombaji. Mbona bado unameza dawa?" Wanaouliza wananipenda, kwa hivyo sitajibu kwa hasira. Tena swali si langu peke yangu. Humu kanisani tuna wenye presha, wenye sukari, wenye kifafa, na wengi wanalibeba kimyakimya.

Kwanza nieleze ugonjwa wenyewe, maana huwezi kupima uamuzi kama hujui kilicho kwenye mizani. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na kwa kawaida hupiga kwa zamu. Kwangu mimi vyumba vya juu havipigi sawasawa, vinatetemeka tu. Mapigo yanakuja ovyo: matatu ya haraka, kimya, halafu moja zito. Madaktari huita atiria fibrilesheni. Kuna watu huishi nayo bila kusikia chochote mpaka siku wapimwe umeme wa moyo. Yangu ilitokana na vali iliyobanwa, alama iliyoachwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayofuata maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa.

Sasa, hatari kubwa si yale mapigo. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, na ikituama huganda. Bonge likichomoka na kupanda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Mwenye mapigo haya ana hatari ya kiharusi mara tano hivi kuliko asiye nayo, na vali ikiwa imebanwa kama yangu, hatari inazidi hapo.

Dawa ninayomeza jioni inaitwa warfarin. Inazuia damu kuganda upesi. Lakini mjue pia kwamba mwaka wa 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya, na ni miaka michache baadaye ndipo ikaanza kutumika kwa wagonjwa. Ikizidi, mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Ikipungua, bonge linarudi. Ndiyo maana natolewa damu kila mara kupima kile wanachokiita INR, na yangu inatakiwa ikae kati ya 2 na 3. Hata sukuma wiki na managu vina neno hapa. Sikukatazwa kula, niliambiwa nisile rundo leo na kesho nisiguse kabisa, kwa sababu mboga hizo zinapunguza nguvu ya dawa.

Kwa hivyo hakuna njia isiyo na hatari. Nikimeza, kuna hatari. Nisipomeza, kuna hatari kubwa zaidi. Mtu wa Mungu anaamuaje hapo?

Jambo la kwanza, tumtazame Hezekia. Alilia, akaomba, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi ilikuwa imekwisha kutoka. Lakini angalia Isaya anafanya nini baada ya hapo: anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nabii hakuona kwamba tini zinaitukana ahadi. Ahadi na dawa zilitoka katika kinywa kilekile, na hakuna aliyemwambia mfalme achague moja.

Jambo la pili, tusimkwepe Asa. Ndugu mmoja alinikumbusha habari zake, na alifanya vyema, maana ni andiko zito. Asa aliugua miguu akawaendea waganga, na Biblia inamlaumu. Lakini soma kuanzia juu kidogo. Kabla ya ugonjwa alikuwa ameutegemea msaada wa mfalme wa Shamu, na nabii alipomkemea, akamfunga gerezani. Alikuwa amekwisha mpa Mungu kisogo kabla miguu haijauma. Kosa linalotajwa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Hilo onyo nalichukua kama langu. Inawezekana kabisa kumeza kidonge kila siku bila kumkumbuka Aliyetoa akili ya kukitengeneza. Lakini inawezekana pia kuacha kidonge bila kumtafuta Bwana, kwa sababu tu mtu anataka aonekane ana imani.

Jambo la tatu ni ushuhuda, na hapa naomba mnivumilie. Ugonjwa huu una ujanja. Kwa wengine moyo hutulia wenyewe kwa siku, hata kwa wiki. Ukitulia, unasikia umepona, na mdomo unataka kuimba. Imba! Lakini kutulia kwa mapigo hakumaanishi hatari ya bonge imekwisha. Ndio maana madaktari huendelea kumpa mtu dawa ya damu hata mapigo yakiwa yamerudi sawa. Ukisimama madhabahuni ukasema umetupa dawa, kuna mama pale nyuma ambaye mapigo yake bado ni ovyo, naye atakwenda nyumbani atupe zake. Yeye akianguka, tutasema imani yake ilikuwa ndogo? Mimi naamini Mungu anaponya. Kwa sababu naamini, siogopi kipimo. Wale wenye ukoma waliotakaswa walitumwa wajionyeshe kwa kuhani, na kazi ya Bwana haikupungua kwa kukaguliwa.

Jambo la nne, kupima hatari si hofu. Binti yangu, ambaye yuko ng'ambo, alinishauri niombe dawa mpya, rivaroxaban, isiyohitaji kupimwa INR kila mara. Nilitamani sana. Daktari alinieleza kwamba kwa wengi wenye mapigo haya dawa hizo mpya ni nzuri. Lakini kwa sisi wenye vali iliyoharibiwa na baridi yabisi, kuna utafiti uliotolewa mwaka wa 2022, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na waliotumia dawa ya aina ya warfarin walikufa wachache zaidi kuliko wa rivaroxaban. Basi nikabaki na ya zamani, yenye usumbufu. Kisha nikauliza kuhusu mfungo wa Januari. Nikaambiwa kukaa bila chakula siku nyingi kunaweza kuvuruga INR. Kwa hivyo nafunga mambo mengine, na sahani yangu naiacha palepale. Ibilisi alipomwambia Bwana ajirushe kutoka juu ya hekalu, alitumia andiko la kweli. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila kujirusha ndiko kulikokuwa kumjaribu Mungu.

Lakini nisiwadanganye kwamba hesabu inamaliza yote. Naweza kufanya kila kitu sawasawa na bado nikavuja damu. Naweza kupata kiharusi nikiwa na INR nzuri. Hapo ndipo imani yangu inafanya kazi: nikishachagua kwa akili niliyopewa, naweka glasi ya maji chini, naomba, nalala. Matokeo si yangu.

Na kuna neno kwa kanisa. Wapo kati yetu ambao hawakuacha dawa kwa imani wala kwa ukosefu wa imani. Waliacha kwa sababu pesa ya kipimo na nauli ya matatu vilishinda mfuko. Tukiwauliza "mbona bado unameza?" tunawaumiza mara mbili. Afadhali tuwaulize, "Kliniki yako ni lini? Nauli iko? Nikusindikize?" Wale marafiki wanne waliombeba mwenye kupooza hadi juu ya dari walisifiwa imani yao, na imani hiyo ilionekana mikononi walipobeba.

Swali la vikundi vya nyumbani wiki hii: Ni nani katika kikundi chetu anayehitaji kubebwa hadi kliniki, na nani kati yetu atashika kona ya mkeka?

Ombi: Bwana, tuponye. Na unapotuponya polepole, kwa mkono wa daktari na kidonge cha jioni, tupe macho ya kuuona mkono wako. Kwa jina la Yesu, amina.