Kazi ya Mtoto ni ya Nani?

Kila siku ya masomo watoto wa Lubumbashi, katika Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, hurudi nyumbani na daftari zao. Ndani ya daftari mna kazi waliyopewa na mwalimu: hesabu tano, au maneno ya Kifaransa ya kushika kwa moyo. Hapo swali latokea, wala si dogo kama lionekanavyo: Kazi ile ni ya nani? Ni ya mwalimu, ya mzazi, au ya mtoto mwenyewe?

Wazazi wengine hujibu upesi: "Masomo ni mambo ya shule. Mwalimu amewekwa kwa ajili hiyo." Zamani neno hili lilikuwa na nguvu fulani. Tangu miaka ya 1990 wazazi wenyewe walitoa fedha ili walimu wapate kuishi, na mwenye kulipa hupenda kudai. Katiba ya mwaka 2006, katika sharti la 43, ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Lakini serikali ilianza kulitimiza neno hilo kwa nchi nzima mnamo Septemba 2019. Hapo watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa fedha waliingia shuleni. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini madarasa yalijaa, na mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kusimama kando ya kila mmoja na kutazama kalamu yake. Basi asemaye kwamba mwalimu peke yake atatosha, amdai mwalimu jambo lisilowezekana.

Tena hana haki ya kusema hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Shule yawasaidia, haichukui mahali pao. Ukimwomba jirani akusaidie kubeba gunia la makala, gunia lingali lako.

Wazazi wengine hufanya kinyume. Wao hushika kalamu na kumaliza hesabu zote wenyewe, ili mtoto apate pointi. Au humlipa kijana aje nyumbani kumfundisha mtoto, na kijana huyo, akiona usiku waingia, huandika majibu, mtoto akiyanakili bila kuelewa. Je, huu ni upendo?

Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, aliuliza kama mtu aweza kweli kumfundisha mtu mwingine. Akajibu kwamba aweza, lakini kwa namna ile mganga aponyavyo. Mganga hutoa dawa na kuusaidia mwili. Mwili wenyewe ndio unaopona. Vivyo hivyo mwalimu huonyesha njia, bali akili ya mwanafunzi ndiyo inayoelewa. Hakuna awezaye kuelewa kwa niaba ya mwingine, kama vile hakuna awezaye kunywa dawa kwa niaba ya mgonjwa. Mzazi afanyaye hesabu za mwanawe ameinywa dawa mwenyewe, kisha amepeleka chupa tupu shuleni.

Zaidi ya hayo, daftari ile yasema uongo. Mwalimu akiiona hudhani kwamba mtoto ameelewa, basi huendelea na somo jingine. Mtoto naye amejifunza jambo moja la hakika: ya kuwa kwake nyumbani watu wazima hudanganya, na kudanganya kwapata pointi. Atakapofika mwisho wa darasa la sita, kwenye mtihani wa taifa, atakaa peke yake. Hapo ndipo atakapolipa deni ambalo wengine wamemkopea.

Basi kazi ni ya mtoto, na msaada ni wa mzazi. Lakini mama mmoja atasema: "Mimi sikusoma. Sijui Kifaransa. Nitamsaidiaje?" Neno hili lastahili jibu la heshima, kwa maana wengi walikosa shule si kwa uvivu wao.

Wasalesiani walifika katika mji huu mwaka 1911, nao walimfanya Don Bosco ajulikane sana kwetu. Lakini je, twamkumbuka mama yake, Margherita? Mumewe alikufa mwaka 1817, Yohane akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama huyu hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, kaka mkubwa wa Yohane alipopinga masomo ya mdogo wake, mama alitafuta njia mtoto asome. Hakuweza kumpa elimu ya vitabu, lakini alimpa sala, bidii, ukweli, na nafasi ya kusoma.

Mtu hadaiwi asichokuwa nacho, lakini adaiwa alicho nacho. Mzazi asiyesoma ana nini? Ana uwezo wa kuamuru saa. Aweza kusema kwamba kazi ya shule ifanywe kabla giza halijaingia, maana umeme ukikatika mshumaa hauyasaidii macho ya mtoto. Aweza kuzima redio na televisheni. Aweza kumwambia: "Mwanangu, leo mmejifunza nini? Nieleze kwa Kiswahili." Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imeweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, na lugha za taifa kama Kiswahili chetu zina mahali pake pia. Mtoto awezaye kumweleza mama yake kwa lugha ya nyumbani somo alilolipokea kwa Kifaransa, amelielewa. Asiyeweza, na arudi kesho amwulize mwalimu. Kwa kuuliza hivyo mama hahitaji diploma yoyote.

Tena mzazi ana uwezo wa kutenda haki kati ya watoto wake. Katika nyumba nyingi mvulana hufungua daftari, na dada yake hutumwa kuchota maji, kuwasha makala na kupika bukari. Usiku msichana asinziapo juu ya kitabu, watu husema hana akili. Si akili iliyokosekana, ni saa aliyonyang'anywa. Wagawiwe kazi wote wawili. Wala tusidhani kwamba fimbo itaingiza hesabu kichwani: mtoto aliyepigwa kwa sababu hakuelewa hujifunza kuficha kwamba hakuelewa.

Wako pia wazazi ambao hata saa hawana. Mama auzaye sokoni mpaka usiku ili watoto wale, hana hatia. Analipa deni jingine, nalo ni la kwanza. Lakini hapo deni la masomo halikufutwa, limehamia kwetu. Jirani aliyesoma, kaka aliye sekondari, jumuiya ya kikristo ya mtaa, wote wana meza, na wana saa moja. Mtoto wa mama huyo akikaa mezani pamoja na watoto wetu, hatupungukiwi na kitu.

Basi, baba na mama, leo jioni mwiteni mtoto, aketi karibu nanyi na kufungua daftari lake. Kalamu mwachieni yeye.