Adabu ya Kusafiri na Usiyepatana Naye



Neno letu "safari" tumelipata katika Kiarabu, na wanavyuoni wa lugha hiyo wanasema asili yake inakhusiana na kufunua, kama uso unavyofunuliwa au alfajiri inavyopambazuka. Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyaa, ametenga sehemu nzima kwa adabu za msafiri, na humo anataja kuwa safari imeitwa safari kwa sababu hufunua tabia za watu. Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimuuliza mtu aliyekuwa akimsifu mwenziwe: Je, wewe ni jirani yake? Umepata kushirikiana naye katika mambo ya fedha? Umepata kusafiri naye? Yule mtu alipokana yote, Sayyidna Umar akamwambia kuwa basi hamjui.

Khabari hizi sote tumezisikia darsani. Lakini suala langu la leo ni hili: safari inapofunua, humfunua nani? Kila mmoja wetu anaporudi safarini huwa na mengi ya kusema juu ya mwenziwe: fulani bakhili, fulani mvivu, fulani hakoromi ila huunguruma. Sijapata kumsikia mtu akirudi na kusema, "Safari hii imenifunua mimi." Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipofundishwa na safari moja, na khabari yake nitakupa, kwani wawili katika wenzangu wamekwisha tangulia mbele ya haki, na wa tatu amenipa ruhusa.

Ilikuwa mwaka 2003, siku za mwisho za Mfungo Sita, mwezi wa Mei, masika yamepamba moto. Tulitoka Mombasa kwenda Lamu kwenye Maulidi ya Riyadha. Tulikuwa watu wanne katika gari la shemeji yangu. Shemeji ni mfanyabiashara. Alitaka tutoke alfajiri, tusisimame, na kila shilingi ya petroli igawanywe sawasawa mbele ya macho ya watu. Aliyeshika usukani ni mpwa wangu, kijana wa miaka 20, aliyetaka kanda zake za muziki zisizimwe tangu Nyali mpaka Mokowe. Nyuma, pamoja nami, alikaa mzee mmoja rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye sote tukimwita Ami. Ami alikuwa mtu wa taratibu. Alitaka kusimama Kilifi, kusimama Malindi, kumwamkia kila anayemjua, na kila sala aisali kwa wakati wake, bila ya kubanwa. Wa nne ndimi, na wakati ule nilijiona kuwa sina tatizo lolote.

Sisemi kuwa safari yote ilikuwa karaha. Tulipolivuka daraja la Kilifi, Ami alitusimulia zamani za kivuko, kabla ya daraja kujengwa mwaka 1991, jinsi watu waliokuwa hawasemezani walivyolazimika kusimama bega kwa bega juu ya maji mpaka wakacheka. Baada ya Malindi tulifungua mahamri na mbaazi alizotufungia dada yangu, na shemeji, yule yule mwenye kuhesabu shilingi, akatoa chupa mbili za chai ya tangawizi ambazo hakumwambia mtu kuwa anazo. Kijana akazima kanda zake mwenyewe, Ami akaanza kasida, nasi tukaitikia. Kwa muda wa saa nzima tulikuwa watu wa moyo mmoja.

Kisha gurudumu likapasuka, na mioyo ikapasuka pamoja nalo. Shemeji akamlaumu kijana kuwa anaendesha kwa pupa. Kijana akasema tairi ni kuukuu na mwenye gari ni bakhili. Ami akasema lau tungalisimama Malindi tukasali rakaa mbili haya yasingalitupata. Nami nikawapa wote darsa ndefu juu ya subira, huku spana nikiwa sikuigusa.

Tukafika Garsen saa saba mchana. Adhuhuri ilikuwa imekwisha ingia. Ami akasema tusali Adhuhuri hapa, na Alasiri tutaisali Witu kwa wakati wake. Shemeji akakunja uso, kwani njia ya Garsen mpaka Mokowe siku zile ilikuwa haijatiwa lami kama sasa, na yeye aliogopa tope na giza. Wote wakanigeukia mimi, msomi wao.

Nikasema kwa sauti ya mimbari kuwa msafiri ana ruhusa ya kuzijumuisha Adhuhuri na Alasiri, na kuwa ruhusa ni sadaka aliyotupa Mwenyezi Mungu, na sadaka ya Mola hairudishwi. Yote hayo ni kweli. Lakini iko nusu ya pili ya mas-ala, nayo niliijua kama ninavyojua jina langu: kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kujumuisha kunajuzu, ila kuacha kujumuisha kwa kawaida ndiko bora, kwa kuchunga kauli ya Maimamu wengine kama Imam Abu Hanifa. Yaani Ami, ambaye hakusoma ila juzuu chache, alikuwa ameshika lililo bora, na mimi nikamtoa humo kwa lililo ruhusa tu. Ile nusu ya pili niliimeza. Niliimeza kwa sababu nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimechoka khasa na Ami.

Mzee akanitazama, akasema, "Wewe ndiwe msomi, Mwalimu." Akasali kama nilivyomwambia.

Mbele ya Garsen gari likazama topeni. Tuliteremka, tukakata matawi, tukasukuma, tukaanguka. Shemeji alitota tope mpaka ndevuni, na kijana alipomwona alicheka mpaka akakaa chini, na shemeji naye akacheka. Nakwambia, msomaji, kicheko kile ndicho kitamu kuliko vyote vya safari ile. Lakini tulikaa pale tangu saa tisa mpaka karibu ya saa kumi na mbili. Wakati wote wa Alasiri, tangu mwanzo wake mpaka mwisho wake, tulikuwa tumesimama mahali pamoja, wala haraka yangu haikutupa hata dakika moja. Na Ami alikuwa amekaa juu ya gogo, miguu mitupu, akilitazama jua likishuka, wakati wa sala umo mkononi mwake na sala yenyewe amekwisha isali. Hakusema neno. Tulifika Mokowe usiku, na boti ya kutuvusha tukaipata kwa taabu.

Sasa tuipime khabari hii. Kosa langu halikuwa kuchoka na mzee. Kuchoka si dhambi, na yule aliyesema kuwa safari ni kipande cha adhabu, kwamba humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, ni Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe. Kosa langu ni kwamba nililivisha choko langu kanzu ya dini. Nilikuwa nataka kwenda mbio, basi nikatafuta katika elimu kile kinachokwenda mbio.

Na hili ndilo lililonifanya niandike. Katika kila watu wasiopatana mna mambo mawili, nasi huyachanganya. Liko jambo ambalo ni ovu: kudhulumu, kusema uwongo, kuacha sala, kumvunjia mtu heshima. Hilo halinyamaziwi. Na liko jambo ambalo ni tabia tu: huyu mpole, huyu mwepesi, huyu apenda mazungumzo, huyu apenda kimya, huyu mkono mzito, huyu mkono mwepesi. Ndani ya gari lililofungwa vioo, tabia ya mwenzio hukuuma kama kwamba ni dhambi, na wewe humkasirikia kama kwamba amemuasi Mungu, kumbe hakumuasi yeyote ila matakwa yako. Waswahili husema msafiri kafiri, kwa kuwa njiani mtu hufanya asiyoyafanya kwao. Mimi naona ukafiri wa msafiri, kwa maana ya kufinika, ni huu: kuifinika haki ya mwenziwe kwa blanketi la uchovu wake.

Huenda ukaniuliza: je, mtu akiwa mwema, si atapatana na kila mwema mwenziwe? Jawabu iko katika Suratul Kahf. Nabii Musa (A.S.) alitoka safari kumtafuta mja mwema, ambaye wafasiri wanamtaja kuwa ni Khidhri. Aliahidi kuwa atasubiri wala hatauliza. Mwenziwe akaitoboa jahazi ya maskini. Musa hakuweza kunyamaza. Akamuua kijana, hakuweza. Akausimamisha ukuta wa watu waliowanyima chakula, bila ya kutaka ujira, hakuweza. Mara tatu, kisha wakaachana. Tazama, ndugu yangu: mmoja ni Mtume katika Mitume wakubwa, na mwenziwe ni mja aliyepewa rehema na elimu itokayo kwa Mola wake, na pamoja na hayo safari yao haikudumu. Hatuambiwi kuwa mmoja wao alikuwa mbaya. Na kabla ya kuachana, Khidhri alimkalisha mwenziwe akamweleza maana ya yote matatu, wala hakumwacha na dukuduku moyoni. Basi kutopatana si dalili ya ubaya. Ubaya uko katika namna tunavyokaa kabla ya kuachana, na namna tunavyoachana.

Na wako waliofika mbali zaidi. Abdallah bin Mubarak alisafiri na mtu mwenye tabia mbaya, akimvumilia njia nzima. Walipoachana akalia. Alipoulizwa, alisema kuwa anamlilia yule mtu: yeye ameachana naye, lakini tabia yake mbaya haijaachana naye. Sisi huachana na mwenzetu tukashusha pumzi. Yeye alimwonea huruma mtu ambaye hawezi kuteremka katika gari la nafsi yake mwenyewe.

Lakini nami siku ile nilikuwa na wa kunililia, wala sikujua. Miaka miwili baadaye, katika darsa za Ramadhani, sheikh mmoja mgeni alisomesha mlango wa sala ya msafiri katika msikiti wetu, akazieleza nusu zote mbili za ile mas-ala. Ami alikuwa amekaa kwenye nguzo yake. Baada ya darsa alinishika mkono akaniuliza taratibu, "Mwalimu, siku ile pale Garsen, ulisahau, ama ulikuwa na haraka?"

Sikuweza kumjibu. Akaningoja kidogo, kisha akasema, "Basi tuseme ulisahau." Akaenda kutafuta viatu vyake.

Siku ya pili nilikwenda kwake nikamwambia kweli yote. Akanitilia kahawa, akaniuliza khabari za mpwa wangu. Hakulitaja tena jambo lile mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mzee niliyemwona mzito njiani ndiye aliyenichukua mimi.

Ndugu msomaji, huenda huna safari ya Lamu wala ya Hija karibuni. Lakini nyumba nayo ni safari: mume na mke, mama mkwe na mkaza mwana, ndugu wawili katika duka moja. Basi chukua haya machache. Mkiwa watatu au zaidi, wekeni mmoja wenu awe amiri, kama alivyotuagiza Mtume (S.A.W.), sisi tulikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa amiri. Mambo ya fedha yamalizeni kabla ya kutia ufunguo. Linapokuudhi jambo la mwenzio, jiulize kwanza: hili ni ovu, au ni tabia tu? Likiwa ni tabia, lichukue. Wala usiitumie dini kumshinda mtu katika jambo ambalo ni haja yako. Mpe na ile nusu inayomfaa yeye, ijapokuwa inakuchelewesha wewe. Na ukirudi, aibu za mwenzio ziache njiani, kwani kuzieneza ni kumsengenya.

Na pale utakapoona kuwa una wenzio wazito kupita kiasi, wewe tu ndiye mwepesi, simamisha gari kidogo. Huenda wao nao wanakuchukua, ila wamekustahi tu wasikwambie.

Mwenyezi Mungu atujaalie wenza wema, na atujaalie sisi tuwe wema kwa wenzetu. Amin.