Pango Lilikuwa Nyumba

Anayetoka Igamba kwenda Mbeya huyaacha mashamba ya kahawa na mahindi ya Mbozi, akafika Mlowo na kuingia barabara kuu ya Tunduma. Kuanzia hapo macho yake hutekwa na malori. Mbele kidogo nchi huinama kuelekea Mto Songwe, na huko bondeni maji ya moto hububujika kutoka ardhini karibu na mapango ambayo wenyeji huyaita ya popo. Wapo waliopita njia hiyo tangu utotoni na hawajawahi kukata kona kwenda kuyaona.

Mawe ya bonde hilo si ya kawaida. Mlima Panda, ulio jirani, ni mabaki ya volkano iliyokufa zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na mwamba wake ni wa kabonati, aina ambayo volkano chache sana duniani zimewahi kuitapika. Maji moto ya Songwe nayo, yenye joto linalozidi nyuzi 70, hupanda yakiwa yamebeba chokaa. Yakifika juu hupoteza gesi, chokaa ikabaki chini tabaka juu ya tabaka hadi ikawa mwamba, ndimo yalimo mapango hayo. Chokaa ya eneo hilo ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji cha Songwe.

Kwa hiyo nyumba ya tofali na saruji ni binamu wa pango. Hata lugha imeyakutanisha kwa bahati, ingawa pango la kodi limetokana na kupanga: mpangaji wa Vwawa au Tunduma kila mwezi hulipa kodi ya pango, na haoni aibu kulitamka neno. Lakini mtu akitaka kumdhalilisha mwenzake atamwambia anaishi kama mtu wa pangoni. Dharau hiyo haina msingi.

Ushahidi uko Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ni volkano ya zamani iliyojaa mapango ndani ya majivu yaliyoshikamana kuwa jiwe laini. Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson kutoka Scotland alikuta familia zinaishi humo pamoja na mifugo yao, zimejenga vibanda ndani na kuziba mlango dhidi ya maadui. Ng'ombe walilala salama, mvua haikuwafikia, na chumvi ya mifugo ilikuwa ukutani, ya kukwangua tu. Tembo nao waliijua: katika pango la Kitum, lililoingia mlimani kiasi cha mita 200, alama za pembe zao zimejaa kwenye kuta.

Thomson aliyatazama makao hayo akakataa kuamini kwamba watu aliowakuta ndio wangeweza kuyachimba. Akawaza Wamisri wa kale! Wenye nyumba walikuwa wamesimama mbele yake, naye sifa akaipeleka maelfu ya kilomita kaskazini.

Kapadokia, nchini Uturuki, hakuna aliyewanyima wachimbaji sifa yao. Huko nako majivu ya volkano yaligeuka jiwe laini, watu wakachonga nyumba, makanisa na miji mizima ya chini ya ardhi. Mmoja wa miji hiyo, Derinkuyu, unashuka mita zipatazo 85, ukiwa na mazizi, visima na mashimo ya hewa. Mwaka 1985 UNESCO iliiingiza Göreme na maeneo mengine ya Kapadokia katika orodha ya urithi wa dunia, na leo watalii hulipa fedha nyingi kulala usiku mmoja pangoni.

Elgon na Kapadokia zilisaidiwa na jambo lile lile: jiwe linalokubali mkono na paa lisilovuja. Tofauti iko kwa aliyekuja kutazama.

Mtoto wa Igamba akipelekwa kwenye pango la Songwe, swali lake la kwanza huenda likawa lile lile la Thomson: nani amelichimba? Mzazi amwekee mkono ukutani, aguse unyevu. Aliyelichimba ni maji. Kisha amsimulie habari za ng'ombe wa Elgon waliolala ndani ya mlima, na amtajie kwamba waliowalaza humo walikuwa Waafrika Mashariki kama yeye.